Kumfinyanga askari wa Mwanza: bunduki yake ni ufagio



Leo tuache kidogo siasa na bei ya sato. Nataka kueleza jinsi ya kutengeneza kisanamu cha askari wa zamani, kile kidogo cha kukaa juu ya kabati au meza. Ni kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kufinyanga kitu zaidi ya ng'ombe wa udongo wa utotoni. Mimi mwenyewe hiki ni cha kwanza, kwa hiyo sitawaeleza mambo makubwa ya mabingwa. Nitaeleza yale ambayo mtu anayeanza anaweza kuyafanya kwa vitu vya hapa hapa Mwanza.

Wenzetu wa Ulaya wana mchezo huu miaka mingi. Wanafinyanga wanajeshi wa Napoleon, Warumi na masheha wa vita, wanapaka rangi mpaka vifungo vya koti. Ukiuliza sisi tumfinyange nani, wengi watasema Mkwawa au Kinjekitile, na ni majibu mazuri. Lakini Mwanza tuna askari wetu, na nadhani kwa anayeanza hakuna mfano bora kuliko huyo. Kwanza nimsimulie ni nani, halafu tuingie kazini.

MZEE MWENYE UFAGIO

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani katika koloni lao hapa lilikuwa na kombania 14 na askari Waafrika wapatao 2,500. Kombania ya 7 ilikuwa Bukoba, ya 14 ilikuwa Mwanza. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wengi sana katika jeshi hilo. Waingereza waliivamia Bukoba Juni 1915 wakitokea ziwani, na Mwanza wakaichukua Julai 1916. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akaendelea kukimbizana nao mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, akasalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Askari wake walirudi makwao wakiwa wanadai mishahara.

 Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Charles Miller, katika kitabu chake cha 1974 kinachoitwa Battle for the Bundu, anasimulia kwamba malipo yalifanyika hapa Mwanza. Wakajitokeza wazee kama 350. Shida ikawa moja: nani ni askari kweli na nani kaja kujaribu bahati? Wachache sana walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare vilivyochakaa. Wengi hawakuwa na kitu chochote mkononi.

Sasa sikilizeni. Yule ofisa wa benki aliyeleta hela akapata wazo. Kila mzee aliitwa mbele, akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani afanye kwata ya silaha kama vile ufagio ule ni bunduki. Kwa mujibu wa Miller, hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Fikirini wadau. Mtu aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1914 alikuwa na 68 siku hiyo. Karatasi imepotea, sare imeliwa na mchwa, lakini mwili unakumbuka. Huyo ndiye tutakayemfinyanga.

KWA NINI ANAMFAA ANAYEANZA

Kisanamu cha mwanajeshi huwa kinawashinda watu wapya kwenye vitu vidogo vidogo. Bunduki ina mtutu, kufuli, mkanda na kifyatulio. Sare ina mifuko, mikanda, pochi za risasi na nembo kwenye kofia. Ukikosea kimoja, mjuzi mmoja atakwambia bunduki hiyo ni ya mwaka mwingine, na anakuwa na haki.

Mzee wetu hana hayo. Ana koti kuukuu, suruali, miguu peku na ufagio. Kwa hiyo kinachobaki kumtambulisha kuwa ni askari ni kitu kimoja tu: MKAO WAKE. Visigino vimegusana, mabega yako sawa, kidevu kimenyooka. Ukiupata mkao, yeyote atakayekiona atajua huyu alikuwa mwanajeshi. Ukiukosa, utakuwa na mzee anayekwenda kufagia uwanja. Hilo ndilo somo lote la kazi hii, na linafaa hata siku utakapofinyanga askari mwenye bunduki kamili. Bunduki haimfanyi mtu askari. Mgongo ndio unaomfanya.

VIFAA

Hivi ndivyo nilivyotumia:

1. Waya wa kufungia nondo, ule mwembamba wa mafundi ujenzi. Kama mita moja inatosha.
2. Epoksi ya kukanda, ile mafundi bomba wanayozibia mabomba yanayovuja. Inakuja sehemu mbili, unazikanda pamoja ndipo inaanza kuganda. Maduka ya vifaa vya ujenzi wanayo.
3. Spoki moja ya baiskeli. Mwombe fundi baiskeli iliyokatika, mara nyingi atakupa bure.
4. Nyuzi za katani, kipande cha mbao cha kusimamishia, gundi ya mbao.
5. Sindano, kijiti cha meno, wembe, msasa laini, rula.
6. Glavu za plastiki. Epoksi mbichi inawasha ngozi ya watu wengi, usiikande kwa mikono mitupu.

Waya, vipande vya bati na vikorokoro vya aina hiyo unaweza kuulizia kwa mafundi wa Makoroboi, wale ambao koroboi zao ndizo zimelipa eneo lile jina.

Najua mtauliza: kwa nini siyo udongo wa mfinyanzi, wakati ziwa lote limezungukwa nao? Swali zuri. Udongo unapokauka unasinyaa, lakini waya uliomo ndani hausinyai. Matokeo yake udongo unapasuka, hasa kwenye mikono na magoti. Ndiyo maana mama zetu wanaofinyanga vyungu hawaweki chuma ndani. Na ukiacha waya, mkono mwembamba kama njiti ya kiberiti utavunjika kwa kuguswa tu. Udongo utumie kwa mazoezi: finyanga kichwa kikubwa kama chungwa, ujifunze pua inaanzia wapi na macho yanakaa wapi. Kazi yenyewe ya kisanamu kidogo iachie epoksi.

VIPIMO

Hapa ndipo hesabu za shule zinapolipa. Nimechagua skeli ya 1 kwa 16, maana yake kila kitu kinagawanywa kwa 16. Kuna skeli ndogo zaidi ambazo wenzetu wanazipenda, kama ile ya milimita 54, lakini kwa macho na vidole vya mtu mpya kubwa kidogo ni afadhali.

Mtu wa sentimita 170 anakuwa milimita 106. Mwili wa mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu, kwa hiyo kichwa ni milimita 14, sawa na haragwe kubwa. Nusu ya urefu, yaani milimita 53, ni pale miguu inapoungana. Mabega ya sentimita 45 yanakuwa milimita 28. Kiganja kina urefu kama wa uso, kuanzia kidevuni mpaka nywele zinapoanzia, kwa hiyo weka milimita 11 au 12. Ufagio wa mpini mrefu wa sentimita 130 unakuwa milimita 81.

Chora mtu huyo kwenye karatasi kwa vipimo hivyo hivyo, mara mbili: akiwa ametazama mbele na akiwa ubavu. Usiseme "mimi sijui kuchora". Chora vijiti tu. Karatasi hiyo utaiweka mezani na kila mara utalaza kisanamu juu yake kuangalia kama mkono umerefuka au mguu umefupika. Macho yanadanganya, rula haidanganyi.

MIFUPA

Kata waya kama sentimita 30, uukunje katikati. Pale ulipokunjwa ni kichwani. Zungusha pande zote mbili pamoja kutoka shingoni mpaka kiunoni, halafu ziachie zishuke kama miguu miwili. Acha sentimita mbili zizidi chini ya nyayo, hizo zitaingia kwenye matundu ya mbao. Waya mwingine wa sentimita 15 pitisha mabegani uwe mikono. Mzungusho ule wa waya una kazi, kwa sababu unaipa epoksi mahali pa kushika. Waya mlaini ulionyooka unaiacha izunguke kama pete kidoleni.

Sasa usiguse epoksi kwanza. Kunja waya mpaka mkao ukamilike. Kwata inasema hivi: bunduki iko bega la kushoto, kiganja cha kushoto kimeshika kitako chini, kiwiko kimebana ubavuni. Mkono wa kulia umenyooka pajani. Visigino pamoja, vidole vya miguu vimeachana kidogo. Simama mwenyewe mbele ya kioo na ufagio wa nyumbani, utaona mara moja nini kinavutwa na nini kinalegea.

Kuna jambo hapa la kuzingatia. Ufagio uwekwe vipi? Ukiweka nyuzi juu nyuma ya bega na ncha ya mpini mkononi, mtu anaona mfagizi. Ukigeuza, lile fungu la nyuzi likawa kwenye kiganja mahali pa kitako cha bunduki na mpini ukaelekea juu kama mtutu, ghafla ni gwaride. Kitu ni kile kile, kimegeuzwa tu. Mimi nimekigeuza.

Jambo la pili ni umri. Huyu ana miaka karibu 70. Kama ukimnyoosha kama kijana wa JKT umepoteza hadithi. Nilichofanya ni kuweka kifua na shingo wima kabisa, ila magoti nikayaacha yamekunjika kidogo sana, kama nyuzi tano hivi. Amri imefika kichwani na kifuani, magoti bado yanakuja. Mtu hatakwambia ameona magoti, lakini atakwambia "huyu ni mzee".

NYAMA NA NGUO

Kanda epoksi kidogo kidogo, saizi ya punje mbili tatu za mahindi. Soma kwenye pakiti inachukua muda gani kuganda, maana zinatofautiana. Ukikanda nyingi itakugandia mkononi.

Awamu ya kwanza ni kufunika waya tu, mwili uwe mwembamba kuliko unavyotakiwa. Iache igande kabisa mpaka kesho. Hii ni siri kubwa ya wenye mchezo huu: usimalize siku moja. Ukifanya kila sehemu juu ya kitu kilichoganda tayari, vidole vyako haviharibu ulichofanya jana. Mimi nilienda jioni sita: jioni ya kwanza waya na mwili, ya pili suruali na miguu, ya tatu koti, ya nne kichwa, ya tano mikono na ufagio, ya sita rangi.

Suruali na koti: sukuma epoksi iwe kama chapati nyembamba, izungushe kwenye mguu, kisha kandamiza kwa upande wa sindano kutengeneza mikunjo. Mikunjo haitokei ovyo. Nguo inajikunja pale kiungo kinapokunjika, yaani ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, na pale suruali inapoangukia juu ya mguu. Kwingine inaning'inia tu. Lowanisha sindano kwa maji ili isinate.

Koti la huyu mzee limezidi mabega. Alikuwa na mwili mkubwa zaidi zamani, koti limebaki na ukubwa ule ule. Hilo ni wazo langu, siyo la kitabuni, lakini wazee wengi tunawajua hivyo.

Kichwa kifanye peke yake juu ya kijiti cha meno, halafu ukibandike. Kwenye milimita 14 usijaribu kuchonga mboni za macho. Tengeneza mashimo mawili ya kivuli chini ya paji la uso, pua, mstari wa mdomo, na mashavu yaliyoingia ndani. Mashavu ndiyo umri. Mdomo ufunge, maana askari kwenye gwaride haongei.

Ufagio: kata spoki milimita 81. Spoki nyingi zina unene wa milimita 2, na ukizidisha kwa 16 unapata mpini wa sentimita 3 na kidogo, ambao ndio mpini wenyewe. Funga nyuzi za katani upande mmoja, paka gundi ya mbao, ikikauka kata kwa wembe ziwe sawa.

RANGI

Paka kwanza rangi moja ya chini isiyong'aa mwili mzima. Ngozi usitumie nyeusi tupu, itageuka kivuli na uso wote utapotea. Changanya kahawia na nyekundu kidogo na njano kidogo, kisha sehemu zinazopata mwanga kama pua na paji ziongezee njano. Koti ni kaki iliyofifia: njano, kahawia na nyeupe. Mwisho chukua rangi ya kahawia iliyokolea, iongezee maji mengi, ipitishe mwili mzima halafu futa kwa kitambaa. Itabaki kwenye mikunjo na kila kitu kitaonekana.

LAKINI TUNAMTUKUZA NANI?

Rafiki yangu mmoja alipokiona mezani aliniuliza bila kuzunguka: "Sasa huyu si ndiye aliyewachapa babu zetu viboko?"

Hili haliwezi kupita kimya. Jeshi hilo hilo ndilo lililozima Vita vya Majimaji kuanzia 1905 mpaka 1907, likachoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata ikaua watu kwa makumi elfu. Makadirio mengine yanafika 300,000. Askari walikuwa mikono ya kazi hiyo. Na wakati wa vita vya 1914, nyuma ya kila askari, upande wa Wajerumani na wa Waingereza, walikuwepo wapagazi waliobeba mizigo mpaka wakafa njiani kwa magonjwa na njaa. Hao hawakuwa na kwata ya kukumbuka wala ufagio wa kuonyesha. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Angalieni na sanamu kubwa zilivyosema. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Yeye yuko juu, na chini yake wakamweka askari Mwafrika anayemtazama bosi. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, na wanafunzi wa kule wakaiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968. Mwaka 1927 Waingereza nao waliweka Dar sanamu ya shaba ya Askari, kazi ya James Alexander Stevenson, ameelekeza bunduki yenye singe upande wa bandarini. Ipo mpaka leo. Moja inaonyesha mtumishi, nyingine inaonyesha shujaa.

Mzee mwenye ufagio si mtumishi na si shujaa. Ni mtu aliyetumiwa, naye akawatumikia wakubwa dhidi ya wenzake, halafu miaka 46 baada ya vita, ili apate malipo yake, ikabidi uzeeni achezeshwe kwata na fagio mbele ya mtu wa benki. Unaweza kumcheka, kumwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nadhani anafaa kuwa sentimita kumi tu. Hakuna haja ya kumwinulia macho. Unamshika mkononi, unamgeuza, unamuuliza.

Na kuuliza ndiko kwenyewe. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1964 sasa amevuka 70. Huenda mzee wako wa Igoma, Misungwi, Magu au Ukerewe aliwahi kusikia baba au babu yake akisimulia habari za Wadachi. Ukienda na daftari na kalamu mkononi, wazee wengi wanajifunga. Ukimwekea kisanamu mezani ukanyamaza, mara nyingi ataanza mwenyewe: "Aah, hawa walikuwa wanashika hivi siyo hivyo." Hapo ndipo utoe daftari.

Basi wadau, nunueni epoksi, mkajaribu. Mpagazi ndiye nitakayemfinyanga baadaye, na huyo mgongo wake utakuwa mwingine kabisa. Kama kwenu kuna mzee anayekumbuka malipo yale ya 1964, au aliyekuwepo mtaani siku hizo, andikeni hapo chini alivyosimulia. Msitaje jina lake bila ruhusa yake.

Nawasilisha.